Noela Hafungi Tena Sala

Saa tatu asubuhi, katika chumba kidogo cha hospitali moja mjini Songea, Kunegunda Haule ameshika kipande cha mkate na anasali.

"Utupe leo..." anasema, kisha ananyamaza.

Mbele yake ameketi Mzee Hironimus, mkulima kutoka Peramiho. Kiharusi kilimpata wiki ya Pasaka. Tangu siku hiyo hawezi kumwomba mkewe hata maji ya kunywa, lakini Baba Yetu anaisali mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Nyumbani walidhani anawafanyia makusudi.

"Utupe leo..." Kunegunda anarudia.

"Mkate wetu," mzee anadaka haraka.

Kunegunda anauinua mkate. "Na hiki ni nini, babu?"

Mzee anautazama. Midomo inacheza, jasho linamtoka. "Mka... mkate." Halafu anaangua kilio, na mkewe aliyekaa mlangoni naye anaanza kulia.

Kunegunda halii. Ana miaka thelathini na mmoja. Ni muuguzi, na sasa anamaliza mwaka wa pili wa shahada ya tiba ya usemi na lugha katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Yuko Songea kwa mafunzo ya vitendo, na kila jioni mkufunzi wake humpigia simu kumuuliza kafanya nini na kwa nini.

"Sala na nyimbo zina mahali pake kichwani," anaeleza. "Mtu anaweza kupoteza neno la kuombea chumvi, sala ikabaki. Sisi tunapitia mlango uliobaki wazi."

Kazi yake inapendeza kuitazama, ila usithubutu kumsifia. Mwandishi wa makala haya alithubutu, akajibiwa kwa ukali.

"Usiniandike hivyo. Nenda kwanza nyumbani ukamsalimie mwanangu, uone kama atakujibu."

Nyumbani ni Mjimwema, hapa hapa Songea. Noela, binti yake wa miaka mitano, yuko uani na vifaranga. Anasalimiwa. Anamtazama mgeni, anakaza midomo, anarudi kwa vifaranga wake.

Alipokaribia miaka mitatu Noela alikuwa hajatamka neno hata moja, ingawa alikuwa anasikia vizuri. Wakati huo Kunegunda alifanya kazi kwenye zahanati huko Madaba. Alihangaika na mtoto mgongoni, na kila alikofika aliambiwa asubiri, mtoto atasema.

"Wananiambia wapo wanaochelewa. Haya, wapo. Lakini nani wa kunipimia kama wangu amechelewa tu au ana tatizo? Sikumpata. Nikasema basi, nitasoma mwenyewe."

Akachukua likizo bila malipo. Mumewe, Valence, ni dereva wa lori la mahindi, leo yuko Makambako, kesho Tunduru. Mtoto akabaki kwa mama mkwe, Bi Rosemary. Ndiye pia aliyeuza mahindi ya shamba lake ili mkwewe alipe ada, na hadi leo ndiye anayelipa.

Likizo ya kwanza ya chuo Kunegunda alirudi na alichojifunza, akakaa chini na mwanawe kila siku. Maneno yakaanza kuja: mama, kuku, bibi. Na moja alilolipenda kuliko yote, "Mina!", yaani Amina. Familia ikisali rozari jioni, Noela ndiye aliyefunga sala, kwa kelele, hata kabla wenzake hawajamaliza.

"Tulicheka mpaka tukashindwa kuendelea," anakumbuka Bi Rosemary.

Lakini maneno yaliishia hapo hapo, na majirani nao wana midomo. Mama kaenda kusomea kuongea, mwana bubu! Mganga hajigangi, wakasema, wakacheka kwenye bomba la maji. Bibi akayasikia yote.

Februari mwaka huu, Kunegunda akiwa katikati ya mitihani, Bi Rosemary alimpeleka Noela kwa mzee mmoja mtaa wa pili. Huyo hukata watoto vimeo, na kwa wasiosema hukata kile kiuzi cha chini ya ulimi, ati ulimi ufunguke. Kwa wembe. Watu wazima wawili walimshika mtoto.

"Hata baba yake nilimpeleka kukatwa," anasema Bi Rosemary akichambua maharage, bila kuinua macho. "Alikuwa hasemi. Alipokatwa akasema, mpaka leo hanyamazi. Mimi ningejuaje? Nilitaka mama yake akirudi amkute binti anaongea. Nilitaka kumfurahisha."

Kidonda kilioza. Kilipona kwa sindano, kikaacha kovu. Kunegunda anasema kiuzi hakikuwa na kosa lolote tangu mwanzo. Na kovu silo linalomuumiza zaidi. Tangu siku ile Noela hajatamka neno, na hakuna anayeruhusiwa kuusogelea mdomo wake. Mswaki ni vita. Mama yake, anayefungua vinywa vya wazee wa watu kutwa nzima, akinyoosha mkono mtoto anakimbilia chini ya kitanda.

"Nina hasira," anasema, mama mkwe akisikia. "Nina hasira mpaka chakula hakipiti. Na siwezi kugombana naye. Nikigombana, nani atanilelea mtoto? Mkono uliompeleka kwenye wembe ndio unaonisomesha."

"Sema tu, mama Noela," anajibu mama mkwe kwa sauti ya chini. "Una haki."

Jumatatu Kunegunda anarudi Dar es Salaam. Bado miaka miwili. Hosteli haipokei watoto, na hana uwezo wa kupanga chumba na kumlipa msichana wa kazi. Akiacha chuo, Noela hana mtaalamu. Akienda, anamwacha kwenye mikono ile ile. Ameamua kwenda, na uamuzi wenyewe unamnyima usingizi.

Amemwachia mama mkwe somo moja tu. Wakifika mwisho wa sala, asiseme neno la mwisho. Asimlazimishe mtoto, asimguse. Anyamaze, asubiri.

Jioni hiyo wanajaribu mbele ya mgeni.

"Sasa na saa ya kufa kwetu," anasema Bi Rosemary, ananyamaza.

Wanasubiri. Noela anamtazama bibi yake. Kisha anainua mikono yote miwili na kujifunika mdomo.

Bi Rosemary anainama, machozi yanadondokea rozari. Neno lile halisemi. Hakuna anayelisema. Watu wanainuka mmoja mmoja, wanakwenda kula.

Kunegunda anamsindikiza mwandishi hadi kwenye bodaboda. Akihitimu, anasema, atarudi Songea aombe chumba kile kile hospitalini, maana akina Mzee Hironimus ni wengi.

"Lakini mgonjwa wangu wa kwanza namjua, nalala naye kitanda kimoja. Kusema, atasema akitaka mwenyewe. Mimi namwomba Mungu nikirudi na shahada yangu mtoto aniachie mdomo wake, nichungulie tu."