Mti Mtupu wa Delmer Stidham

Kule kwenye vilima vya Kentucky, mwindaji wa rakuni, yule mnyama wa usiku akimbiliaye mitini akifukuzwa na mbwa, aliruhusiwa kudanganya juu ya samaki aliyemponyoka, juu ya umri wake, hata juu ya mara ngapi alikwenda kanisani. Jambo moja tu hakuruhusiwa: kudanganya kilichomo mtini. Siku hizi mbwa hufungwa kidude shingoni, mwenyewe akaketi ndani ya gari akitazama kioo kimwonyeshe mbwa yuko wapi, na neno la mtu halina kazi tena. Delmer Stidham aliwahi kuionja ile zamani, akaitia shubiri kwa mkono wake.

Alirudi kwao baada ya miaka mingi ya viwanda vya Ohio, akakuta baba yake, Elzie, amekwisha kufa na mbwa wake wametawanyika. Alitaka kitu kimoja: kukaa kwenye moto wa wawindaji kule mlimani, pale alipokaa baba yake. Na kwenye moto ule asiye na mbwa hakuwa na nafasi.

Hobart Noble, rafiki wa marehemu, akamwita uani kwake. Akamwonyesha mbwa jike mmoja aitwaye Dovie, masikio yamechanwachanwa na rakuni, mdomo umeota mvi.

"Mchukue huyu."

"Mjomba, huyu si ajuza?"

"Ndiyo maana. Mbwa wa kwanza humfundisha mtu. Wa pili ndiye utakayemfundisha wewe."

"Watanicheka."

"Watakucheka tu. Kwa viatu hivyo vya mjini?"

Delmer akashukuru, akaenda zake, akaagiza dume kijana kutoka mbali, aliyemwona kwenye picha ya gazeti: mweusi tii, miguu ya hudhurungi, kifua kama cha mpiga ngumi. Akamwita Jenerali. Kizuri chajiuza, walisema wahenga. Hawakusema humpata mnunuzi wa namna gani.

Jumamosi jua lilipozama akampandisha mlimani.

"Lahaula! Huyu mbwa au bwana harusi?" akasema Vernie Gayheart, ambaye ulimi wake haukuwa na likizo.

"Ngoja umsikie, Vernie."

Mbwa wakaachiwa, wanaume wakapasiana kahawa na kutega masikio. Kila mmoja alimjua wake kwa sauti, kama mama amjuavyo mwanawe akilia. Mbwa anayefuata harufu hutoa mlio mrefu. Akishamkwezesha rakuni mtini, mlio hukatika vipandevipande, na hapo mwenyewe hutamka mbele ya wote kwamba mbwa wake amepandisha. Akishatamka, harudishi.

Jenerali akakata mlio, mnene, wa kutikisa kifua.

"Huyo wangu! Amepandisha!"

"Taratibu," akasema Hobart. "Dovie kapita hapohapo bila kusimama."

"Ni wangu, mjomba. Nimeshasema."

Wakamfuata. Ulikuwa mti usio na jani wala tundu. Tochi zikapita tawi kwa tawi, zikarudi. Hakuna kitu. Jenerali alisimama kwa miguu ya nyuma akibweka, mkia ukicheza kwa furaha.

"Labda rakuni mwenyewe ni malaika," akasema Vernie, na watu wakaanza kucheka.

Delmer akahisi uso wake unawaka mpaka masikioni. Akanyoosha kidole.

"Yule pale, kwenye panda! Nimeyaona macho yake."

Kicheko kikakatika. Wote wakamgeukia Hobart, kwa maana Hobart akishasema kuhusu mti, hakuna aliyeinua tochi baada yake. Ndugu walikuwa wakigombana juu ya mbwa, neno lake likawapatanisha. Akatazama juu kwa muda mrefu. Kisha akamtazama mwana wa Elzie.

"Nami nimeyaona," akasema. "Kajificha upande wa pili. Twendeni."

Penye wazee haliharibiki neno, husemwa. Pale liliharibika, na watu wakashusha tochi, wakafuata.

Bondeni Dovie alikuwa akiita.

"Huyo yumo," akasema Hobart walipofika. "Mwaloni huu."

Vernie hakucheka wala hakutania. Aliinua tu tochi yake, akamulika. Macho mawili yakang'aa juu.

"Yumo," akasema Vernie, kana kwamba Hobart hakuwa amesema kitu.

Hobart akainama, akamfunga Dovie kamba. Akakawia sana kuinuka.

Kesho yake, baada ya ibada, Delmer akasimama uani kwa Hobart, kofia mkononi.

"Mjomba, mtini hamkuwa na kitu."

"Kwani mimi kipofu?"

"Nitawaambia ukweli."

"Utawaambia nini? Kwamba Hobart ni mwongo? Wanajua." Akamtia kamba ya Dovie mkononi. "Mchukue. Hapendi maharage yakiwa ya moto. Mimi mlimani sirudi."

Delmer akashika njia, Dovie akitangulia kama anayejua aendako. Walipopita mbele ya nyumba ya Vernie, sauti ikatoka barazani.

"Sasa umepata mbwa, mwana wa Elzie! Jumamosi njoo ukae motoni. Pa Hobart patakuwa wazi."

Ndilo alilolitamani tangu Ohio. Akainama, akajifanya anairekebisha kamba iliyokuwa imekaa sawasawa, akabaki ameinama mpaka mlango wa Vernie ukafungwa.