Kitambaa Juu ya Kompyuta ya Baba Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja kule Pasiansi, karibu na ziwa, mwanangu, nikiwa bado mke mgeni nyumbani kwa wakwe, kompyuta ya baba mkwe ilipojizima tena mbele ya macho yetu. Mzee alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Ndani ya mashine ile alikuwa amejirekodi akisimulia habari za ukoo wao, tangu walipotoka Misungwi, na hakuna aliyewahi kuihamisha sauti ile popote. Tukiwasha na kuifungua sauti ile, mzee anakohoa kusafisha koo, kisha mashine inazima.

Mama mkwe alikuwa akilia kila ilipozima. Nami kwa kuwa nilifanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, nikajitia kimbelembele, "Niachie mimi, mama." Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

Wengine nyumbani walikuwa wanabonyeza kitufe bila kukoma, kama anayemtikisa mgonjwa ili apone. Mimi nikaiacha ipoe. Ilipopoa ikawaka vizuri, ikadumu kidogo, ikazima tena. Nikajua haijafa, inachemka tu. Kompyuta hujizima yenyewe ili prosesa yake, yaani ubongo wake, isiungue.

Na sababu nilikuwa naiona, ila ulimi ulikuwa mzito. Unawajua mama zetu na vitambaa vya kufuma: redio kitambaa, televisheni kitambaa, hadi mgongo wa kochi. Mama mkwe, tangu mzee azikwe, alikuwa amefuma kimoja cheupe, kipana, akalifunika boksi lote la kompyuta, mbele na nyuma, na hata likiwa linafanya kazi hakitoki. Sasa mke mgeni atakivutaje kitambaa cha mjane?

Nilijizungusha weee, mwishowe nikasema, "Mama, hebu weka mkono hapa nyuma."

Akaupitisha mkono chini ya kitambaa, akautoa haraka. "Mh! Mbona huyu ana homa?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimemfunika gubigubi!" Akacheka huku machozi yanamtoka, akakikunja kitambaa mwenyewe. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Tukachomoa waya, nikafungua boksi. Lo! Wale wadudu wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi na kukimbilia taa za watu, walikuwa wamejazana kwenye feni na kwenye vibati vinavyoipoza prosesa, wamekauka pamoja na vumbi. Nikaishika feni isizunguke, nikasafisha kwa brashi mpya ya rangi. Ile dawa ya kupitisha joto iliyopakwa juu ya prosesa nayo ilikuwa imekauka, nikaifuta na kupaka nyingine kidogo. Mama alinishikia tochi, akiwatukana wadudu kwa Kisukuma, na mimi nacheka. Ninamkumbuka sana mama yule. Nyumba ile sasa wanaishi watu wengine, na nikipita njia ile moyo hunyong'onyea.

Tukawasha. Mzee akakohoa.

"Mama Neema," sauti yake ikasema, "hebu punguza redio, narekodi."

Mama mkwe akaitika palepale, "Haya, baba, nimepunguza."

Hakuna aliyecheka. Tulisikiliza mpaka mwisho, na kabla ya chai nikaihamishia sauti ile kwenye diski mbili.

Basi, mwanangu, mashine ikichemka usiilazimishe. Iache ipoe, tazama inapopumulia, safisha feni yake, na kilicho cha thamani usikiweke mahali pamoja tu. Lakini zaidi ya hayo, mzee wako akikosea kwa sababu ya kupenda, usimnyang'anye wala usimfundishe mbele za watu. Ushike mkono wake, uupeleke taratibu pale penye joto, atatambua mwenyewe. Mungu akujalie subira ya namna hiyo, na siku utakapowahitaji wazee wako, ikukute umekwisha kuwasikiliza walipokuwa hai.