Nilibadilisha Maneno ya Mama Furaha Mbele ya Watathmini

Nimekosa, na sitafuti mtu wa kunitetea. Kosa hili nililifanya nikiwa na akili zangu timamu, nimekaa kwenye kiti, chai ikiwa mbele yangu. Siweki jina kwa sababu hapa Durban tunaoongea Kiswahili tunajuana, na wanaonijua wameshaniona vya kutosha.

Mimi ni Mtanzania, mwanamke wa miaka thelathini na nane, naishi Umbilo. Kwa miaka sita nilikuwa karani kwenye ghala moja la Clairwood, jirani na bandari. Tulikuwa tunapokea dawa za kusafishia vyoo na sakafu, tunazipanga, zinapakiwa kwenye malori. Wafungaji wengi wa maboksi walikuwa Wakongo, akina mama hasa. Kwa kuwa Kiingereza changu kinapita, mimi ndiye niliyekuwa nawasemea kwa meneja, na meneja akitaka kuwaambia kitu, anapitia kwangu.

Kati yao alikuwepo Mama Furaha, mtu wa Uvira, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na tano. Wenzake walikuwa wamemchagua awe msemaji wao. Nilipofiwa na mama yangu nikashindwa kwenda kuzika, Mama Furaha alikuja chumbani kwangu akakaa siku tatu. Alipika, alifua, alinilazimisha kula. Huyo ndiye mtu niliyemfanyia haya.

Siku moja tuliambiwa wanakuja wageni. Walikuwa wanaandika tathmini ya nchi hii: uchumi unarekebishwaje, serikali inasimamiaje sheria zake, wafanyakazi wana haki gani. Sheria za kazi za Afrika Kusini ni nzuri kwenye karatasi. Wageni hao walitaka kujua kama zinamfikia mtu wa mwisho kabisa, mhamiaji asiyejua Kiingereza wala Kizulu. Ghala letu lilikuwa moja ya sehemu walizochagua.

Meneja aliniita ofisini siku iliyotangulia. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba ripoti hiyo inasomwa na wateja wa nje. Ikituchafua, wanahamia kwingine, na ghala likifungwa wa kwanza kuumia ni hao akina mama. "Wewe una akili," akasema. "Wao hawajui kujieleza vizuri. Wasaidie." Nilipokuwa nainuka akaongeza kwamba nafasi ya msimamizi wa zamu inatafutiwa mtu.

Nimeyafikiria mazungumzo hayo mara nyingi. Hakutamka neno uongo hata mara moja. Hakuwa na haja.

Kesho yake mtathmini mmoja, mama wa makamo mwenye daftari, alikaa na mimi na Mama Furaha kwenye chumba cha chai. Alimwomba meneja atoke nje, na meneja akatoka. Kwa hiyo siwezi kusema niliogopa macho ya mtu. Mle ndani tulikuwa watatu tu.

Akauliza kama kazini kuna usalama, na kama wafanyakazi wana uhuru wa kujiunga na chama. Mama Furaha alinigeukia, akaongea taratibu ili nisikose kitu.

"Mwambie ivi. Mulango ya nyuma banafungaka na kadena, asubui mpaka tunatoka. Banasema tutaiba. Dawa ikimwangika, tutapita wapi? Na wale benye banaingia mu sendika, banabakatia siku za kazi. Mwambie yote, mtoto yangu."

Kadena ni kufuli. Sendika ni chama cha wafanyakazi. Nilielewa kila neno.

Nikamgeukia mtathmini, nikamwambia kwa Kiingereza: anasema mlango wa nyuma upo na hubaki wazi muda wote wa kazi, anajisikia salama, na anayetaka kujiunga na chama anajiunga.

Yule mtathmini aliacha kuandika. "Mbona yeye ameongea kirefu namna ile?"

Nikacheka. Nikamwambia Wakongo wana maneno mengi.

Tulipotoka Mama Furaha alinishika mkono. "Umesema yote?"

"Yote, mama."

"Aksanti. Mungu akubariki."

Jumapili hiyo nilikuwa Berea kwa Watanzania wenzangu, tunakula pilau na kuwasema viongozi wa nyumbani jinsi wanavyoficha ripoti na kuwadanganya wafadhili. Mimi ndiye niliyeongea kuliko wote. Sikuona haya hata kidogo. Nilijiambia kwamba nimeokoa ajira za watu.

Mwezi haukuisha, nikapewa usimamizi. Pamoja na cheo nikapewa ufunguo wa kufuli ya mlango wa nyuma. Ningeweza kuufungua kila asubuhi. Niliufunga, kama alivyofanya mwenzangu wa kabla yangu.

Miezi minne baadaye, Jumanne kabla ya chakula cha mchana, foklifti iligonga rundo la madumu. Dawa ya vyoo ikachanganyika na klorini pale sakafuni. Mimi nilikuwa mbele, kwenye ofisi. Nilichosikia kwanza ni kikohozi, kikohozi cha watu wengi kwa pamoja, halafu ngumi zikipigwa kwenye bati la mlango wa nyuma. Mvuke ulikuwa umeziba njia ya mbele. Nikakimbia nje kulizunguka ghala, ufunguo kiunoni. Ghala lile ni refu jamani. Nilipofika ufunguo ukaniponyoka mara mbili.

Wote walitoka hai, namshukuru Mungu kwa hilo. Mama Furaha alitoka wa mwisho, kwa sababu alikuwa anawasukuma wenzake mbele. Alilazwa wiki tatu. Mapafu yake hayajarudi kama zamani. Ngazi za nyumba yake anazipanda kwa kupumzika, na sauti yake imebaki ya kukwaruza.

Kufuli iliondolewa mchana uleule, kabla wakaguzi hawajafika.

Nilimtembelea hospitali. Alinivuta karibu akaniambia, kwa shida, "Si tuliwaambia? Wale bageni tuliwaambia, bakaandika. Serikali ya hapa nayo haijali. Iko sawa na ya kwetu tu."

Alikuwa amekata tamaa na nchi nzima kwa ajili ya kitu ambacho nchi hiyo haikuwahi kuambiwa. Nikamrekebishia mto, nikaondoka.

Mwaka ulipopita, wale watathmini walirudi kuwasomea wafanyakazi matokeo ya kazi yao. Walikodi ukumbi wa kanisa kule Umbilo, Jumamosi asubuhi. Safari hii walikuja na mkalimani wao, kijana wa Kikenya anayesoma chuo. Nilifikiria kutokwenda, ila niliona nikikosekana nitaulizwa.

Kijana akasoma mambo ya uchumi, ya rushwa, ya mahakama. Kisha akafika kwenye haki za kazi. Akasoma kwamba katika ghala moja la Clairwood, lililotolewa kama mfano mzuri, msemaji wa wafanyakazi wahamiaji alisema mlango wa dharura hubaki wazi, na kwamba kila mtu yuko huru kujiunga na chama.

Mama Furaha akasimama. "Soma tena, kaka."

Akasoma tena.

"Njo mimi nilisema ivyo?"

Kijana akatazama karatasi, akamtazama yeye. "Ndivyo imeandikwa, mama."

Mama Furaha alinitafuta kwa macho mpaka akanipata. Hakupiga kelele, na kwa sauti ile asingeweza. "Ni weye?"

"Ni mimi, mama."

Ukumbi mzima uligeuka. Wanawake niliofanya nao kazi miaka sita walinitazama kama wananiona mara ya kwanza. Mama Furaha alichukua mkoba wake akaanza kutoka, akishika kila benchi ili avute pumzi. Hakuna aliyenigusa wala kunitukana. Eish, afadhali wangenitukana.

Nilimfuata yule mtathmini nje nikamweleza yote. Aliandika, kalamu ikikwama kila mara. Aliniambia ripoti ilishasomwa na kutumika, na kwamba ofisi ya fidia imemwarifu wiki hiyo, kabla barua haijamfikia Mama Furaha mwenyewe, kuwa madai yake ya kuumia kazini yamekataliwa, kwa sababu kampuni ilionyesha maneno yake mwenyewe kwamba mlango ulikuwa wazi. Hilo sikulijua. Nikakaa kwenye ukingo wa barabara.

Masahihisho yalitoka, ukurasa mmoja. Nimetoa ushahidi, madai yake yamefunguliwa upya, bado yanasubiriwa. Kazi nimepoteza, na hiyo siihesabu.

Nilikwenda kwake kuomba radhi. Alinifungulia, akanipa kiti. Nilipomaliza kulia alisema, "Nimesikia," basi. Nikamwomba angalau niwe namsindikiza kliniki, nimtafsirie kwa daktari.

"Hapana," akasema. "Kwa daktari nitaonyesha na mikono."

Ndugu yangu unayesoma, wewe unayeitwa kumsemea mtu asiyejua lugha, kazini, polisi, mahakamani, hospitali: sema alichosema. Kama unaogopa, kataa, watafute mwingine. Usijidanganye kwamba unawalinda watu kwa kuwafichia ukweli wao wenyewe. Mwenye maneno hana namna ya kukukagua. Anakutazama usoni, anasubiri umalize, halafu anakushukuru.

Mimi nilishukuriwa. Hiyo ndiyo inayoniamsha usiku.