Nilivyomlilia Mcheza Gofu

Nilifundisha historia miaka thelathini na kitu katika skuli moja ya Mtambile, Pemba. Wanafunzi wangu wakinikumbuka kwa jambo, ni kwa kugonga meza na rula nikisema, "Kwanza tarehe! Jambo lisilo tarehe ni porojo." Nalitaja hili mapema ili msomaji asije akanionea huruma zaidi ya ninavyostahili.

Mwaka wa pili baada ya kustaafu nilivunjika kifundo cha mguu. Ulikuwa msimu wa karafuu. Jirani yangu, mwanamke mwenzangu na shoga yangu tangu tukiwa watoto wa chuo cha Kurani, alikuwa kaanika mikeka mitatu ya karafuu uani kwake, na mwenyewe kaingia kuoga. Mvua ikaja bila ya hodi. Mimi niliyewakataza watoto wa watu kukimbia miaka yote hiyo nikatoka mbio nikamwanulie. Sikufika. Niliteleza kwenye kizingiti changu mwenyewe nikatua chini kama gunia la mbata. Jirani akatoka bafuni kajitanda kanga, akanitazama, akaanua karafuu zake zote, ndipo akaja kuniinua.

"Shoga," akaniambia, "karafuu ikirowa haiponi. Mguu unapona."

Nikatiwa plasta mpaka chini ya goti, nikaambiwa nikae kitako wiki sita. Binti yangu akaja kutoka Unguja na televisheni kubwa inayoshika intaneti, akaniwekea kiti, akanipangia mito, akanionesha vitufe vya rimoti mara nne kama mtu anayemfundisha kipofu kusoma. Alipokuwa akiondoka kuiwahi boti ya Mkoani alinisisitizia jambo moja tu: "Mama, usilimalize bando kwa siku moja."

Siku iliyofuata, baada ya Adhuhuri, nilifungua kipindi cha mapishi. Katikati ya biriani rimoti ikaniponyoka, ikaingia chini ya kiti. Kipindi kikaisha, na televisheni, bila ya kuulizwa, ikaleta kingine: uwanja wa majani mabichi usio na mwisho, na wanaume wazima wanatembea polepole kama waliotoka kusali Idi. Kuinama siwezi. Jirani haji mpaka Alasiri. Ndivyo nilivyoanza kutazama gofu. Naona watu huingia kwenye dini nyingine kwa sababu kubwa zaidi.

Kwanza nilichukia. Mtu anakitazama kijipira dakika nzima, anakwenda mbele, anarudi nyuma, anachutama, anafumba jicho moja, halafu anakipiga, na kipira hakiingii shimoni. Watangazaji wananong'ona kana kwamba chumba cha pili kuna mgonjwa. Nilichokipenda, baada ya nusu saa, ni huko kunong'ona. Mtu aliyekaa miaka thelathini katika darasa la watoto sabini hajui thamani ya mnong'ono mpaka aupate.

Kisha nikamwona yeye. Alikuwa mrefu, mwembamba, wa makamo, kipaji cha uso kishaanza kupata upara, na fulana ya njano. Kila mara kabla ya kupiga aligusa ncha ya kofia yake, kana kwamba anakisalimia kipira. Wenzake walikuwa vijana wa vifua vipana. Yeye alitembea kama mtu anayerudi shamba, na alikuwa akiwashinda wote.

Mashindano yalikuwa ya siku nne, na mtandaoni yalipangwa sehemu nne. Nikakumbuka wasia wa bando, nikawa natazama sehemu moja kila siku baada ya Adhuhuri. Sasa niseme lile linaloniuma. Mimi, mwalimu wa historia, niliamini kwamba mambo yale yanatokea wiki ile ile. Nikiizima televisheni, najua na yeye kenda kulala. Nikiamka, namwazia anakunywa chai.

Dalili zilikuwepo, tena za kutosha. Suruali zilikuwa pana chini kama mabomba ya maji machafu. Nikajiambia matajiri wana mitindo yao. Wanaume walikuwa na ndevu za mashavuni mpaka karibu na midomo. Nikasema ndivyo wapendavyo. Rangi za picha zilikuwa zimepauka, majani yana umanjano, mbingu kama maji ya mchele. Hapo nilimwita fundi. Akaja, akavua viatu, akabonyeza hapa na pale, akaweka taarifa ya habari, rangi zikawaka. Akarudisha gofu, rangi zikapauka.

"Mwalimu, tivii yako nzima," akasema.

"Kaitazame vizuri," nikamwambia. "Mgonjwa ndiye anayejua panapouma."

Kesho yake nikamwita tena. Maskini, akaja, akapangusa kioo kwa kitambaa, akasema sasa imekuwa bora kidogo. Nami nikamuunga mkono kwamba kweli imekuwa bora.

Siku ya tatu mtu wangu alimaliza akiwa mbele kwa mbali. Alasiri ile nilipomaliza kusali, nimekaa kitini na mguu umenyooshwa, nikainua mikono. Niliwaombea wazazi wangu, wanangu, mguu wangu, mvua ya kiasi, na kisha, nasema kweli, nikamwomba Mola ampe ushindi yule mwenye fulana ya njano, kwa kuwa ana adabu na umri umeshakwenda.

Siku ya nne sikula sawasawa. Nilianza kutazama nikiwa na tasbihi mkononi. Mambo yalianza kumharibikia taratibu. Kipira kimoja kikaingia mchangani, kingine kikaenda kwenye miti, na kijana mmoja kifua kipana akawa anamkaribia. Shimo la mwisho waliliingia sawa, kijana akatia chake, na mtu wangu, akikosa tu kashindwa, akabakiwa na pigo fupi kabisa, urefu wa mkono mmoja na shubiri, ambalo hata mimi na plasta yangu ningelipiga. Akagusa kofia. Akapiga. Kipira kikazunguka ukingo wa shimo, kikachungulia ndani, kikatoka.

Nikapiga ukelele. Tena haukuwa ukelele wa kistaarabu. Kisha nikaanza kulia kwa kwikwi, kanga mdomoni, machozi yakinitiririka mpaka shingoni. Jirani yangu alikuwa mlangoni na wanawake wawili waliokuja kunitazama mgonjwa. Walinikuta katika hali hiyo.

"Inna lillahi!" jirani akasema. "Shoga, nani?"

Nilijaribu kujibu. Kilichotoka ni, "Alikuwa karibu... alikuwa karibu sana!"

"Wa karibu," mmoja wa wale wawili akamnong'oneza mwenziwe, na kabla sijavuta pumzi mwenziwe kishatoka.

Pemba habari ya msiba haihitaji bando. Haikupita nusu saa, ukumbi wangu ukawa umejaa wanawake wenye mabuibui. Mmoja alikuja na jamvi kichwani. Mwengine kaleta birika la kahawa. Bibi mmoja mkongwe alinikumbatia kichwa, akanibembeleza na kuniambia subira, nami, badala ya kusema ukweli, nikazidi kulia, maana sasa nalia kwa aibu. Kila nilipotaka kueleza nilimwona mwenye jamvi, nikafikiria njia aliyopita nalo, nikanyamaza.

Mdogo wangu wa kiume alipigiwa simu huko Mkoani. Alifika jasho linamtoka, akapita katikati ya wanawake huku akiomba radhi, akapiga magoti mbele yangu.

"Dada, nambie. Nani katutoka?"

Sikuwa na njia tena. Nikanyoosha kidole kwenye televisheni, ambako mtu wa fulana ya njano alikuwa kaganda, kwa kuwa jirani alishaisimamisha picha kwa heshima ya maiti.

"Yule," nikasema. "Kakosa."

Mdogo wangu akageuka, akatazama. Huyu ndugu yangu alikaa miaka mingi Uarabuni, nchi za Ghuba, akifanya kazi kwenye uwanja wa gofu, na sote nyumbani tulijua tu kwamba "anakata majani." Alisogea mpaka karibu na kioo.

"Huyu?" akauliza. "Huyu picha yake ilitundikwa ukutani pale kazini kwetu. Dada, haya mashindano ni ya zamani! Mie na weye tulikuwa watoto, weye darasa la nne. Huyu bwana keshafariki zamani. Chini ya picha waliandika mwaka wa mashindano haya, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa."

Jirani yangu akapiga kofi paja lake. "Sikusema mie? Msiba upo!"

Sijui nani aliyeanza kucheka. Nadhani ni bibi mkongwe. Walicheka mpaka jamvi likakunjuliwa ili watu wapate pa kukaa na kuchekea, na kahawa ikanywewa, na tende zikatoka, na mwenye jamvi akasema hata hivyo hakuja bure. Mimi nilicheka nao kwa mdomo. Ndani nilikuwa na huzuni ambayo sikuwa na pa kuipeleka. Asubuhi ile mtu yule alikuwa hai kwangu, anakunywa chai. Jioni kawa kafa miaka mingi, na dua yangu imefika baada ya mambo yote kwisha.

Kwa mwezi mzima sokoni nilipewa pole. "Pole na msiba, Mwalimu," walisema wauza samaki, nyuso zimenyooka kama mbao. Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa baba mwenye watoto, aliniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, na tarehe je?" Sikuwa na rula.

Plasta ikatolewa. Mtu mwenye haya angeiacha gofu hapo. Mimi nikarudi kuyatazama mashindano yale yale, kutoka siku ya kwanza, na safari hii jirani akawa anakuja na ungo wake wa kuchagulia makonyo ya karafuu, anakaa karibu yangu. Nilijua mwisho. Hata hivyo, kila kipira kile kilipokaribia shimo, kitu fulani ndani yangu kilisema labda leo. Nilikuwa nikifika hapo nanyanyuka kwenda jikoni kutazama sufuria isiyo na kitu. Jirani anaizima pale pale na kunipigia kelele kutoka ukumbini, "Kakosa tena!"

Siku moja mdogo wangu alikuwepo. Nikamuuliza kwa nini mtu hodari vile alikosa pigo fupi vile. Hakunijibu kuhusu mtu. Aliinuka, akaweka kidole kwenye kioo.

"Tazama majani, Dada. Hapa yamelalia huku, na hapa yamelalia kule. Aliyeyakata kapita na mashine mara mbili. Kipira hufuata majani. Sie tulikuwa tunaanza alfajiri, tunamaliza kabla hawajafika, tunaondoshwa. Hawapendi kutuona."

"Hukuwahi kuwaona wakicheza?"

"Nilikuwa nikiwasikia wakipiga makofi," akasema. "Nipo nyuma ya banda, nanoa visu vya mashine."

Nilimtazama ndugu yangu kama ninayekutana naye. Nilikuwa nimekaa siku nne na mwanamme nisiyemjua, nimeijua namna anavyoshika kofia yake, na huyu wa tumbo moja na mimi sikuwahi kumuuliza hata siku moja kazi yake ilikuwaje. Nilimuuliza siku ile. Alizungumza mpaka Magharibi. Jirani alisahau ungo wake.

Tangu hapo, mdogo wangu akija, yeye hutazama majani na mimi humtazama mtu, na hatugombani. Jirani ndiye aliyeleta fitina. Alitangaza kwamba hataki tena siku ya nne. Tutazame siku tatu, mtu wetu akiwa mbele, tuzime, kila mtu aende kwake na furaha yake. Tukafanya hivyo mara kadhaa, na sitadanganya, ilikuwa raha.

Kisha juzi, nikiwa peke yangu, nikaiweka siku ya nne na nikajilazimisha kubaki kitini. Akakosa, kama kawaida yake. Kilichofuata sikuwahi kukiona, maana mara ya kwanza machozi yalinifunika na nyingine zote nilikuwa jikoni. Alisimama kidogo. Akakiokota kipira, akavua kofia, akamwendea yule kijana kumpa mkono, na akamwambia neno lililowafanya wote wawili wacheke. Akacheka sana, mabega yakimtikisika, meno nje.

Jirani alipokuja nikamweleza. Alinitazama kama niliyemtukana.

"Anacheka? Sisi tumemlilia na jamvi likatandikwa, yeye anacheka?"

"Nikuoneshe?"

"Usinioneshe," akasema, akauvuta ungo. "Weka siku ya tatu."