Mbegu ya Mfupa

Tangu mguu wangu uondoke, siwezi kusikia neno mbegu bila kukasirika. Na hapa Koboko, mji wa wakulima, utalikwepea wapi? Mbegu ya simsim, mbegu ya mtama, fulani kapata mbegu nzuri sokoni. Mimi hukunja uso na kuendelea kushona.

Nilianguka na bodaboda mchana kweupe, nikirudi kutoka Arua kununua vitambaa. Mfupa wa muundi ulivunjika, ukatoboa ngozi, kisha ukaoza ndani. Pale hospitali ya Arua walikata kipande kilichokufa, na usaha ulipokauka nikabaki na pengo kati ya goti na kifundo, mguu umeshikiliwa na vyuma vilivyopachikwa kwa nje. Pengo lenyewe lilikuwa la kuingiza vidole vitatu. Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu ni ya kukanyaga. Sikuwa naomba makubwa. Nilitaka mguu ubaki.

Daktari wangu alikuwa Mkongomani, mtu mpole. Mama yangu, mkulima wa Lobule, hajui Kiingereza, na daktari hakujua Kikakwa. Basi wakakutana kwenye Kiswahili, kila mmoja na cha kwao.

"Mama, ile pengo haitajifunga yenyewe," daktari alimwambia. "Lakini ndani ya mufupa ya nyonga kuko mbegu. Ile mbegu inaweza kugeuka mufupa. Tutaivuta na sindano, tuipande mu ile pengo."

Mama, ambaye tangu ajali alikuwa amekaa kimya kama mgeni, aliinua kichwa. Hatimaye kuna mtu amezungumza jambo analolijua.

"Na mbolea?"

Daktari alicheka kwa furaha. "Mbolea iko mu damu yake, mama. Tunaizungusha mu mashine, tunapata ile kitu inaamsha mufupa. Kwa wazungu wanaiuza mu chupa. Sisi tutatumia yake mwenyewe."

Mimi alinieleza baadaye, tukiwa wawili. Zile ni seli changa, ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, na kwenye damu kuna protini za kuziambia zikue ziwe mfupa. Aliniambia pia kwamba pengo langu ni kubwa, na mahali palipowahi kuoza hapaaminiki. Huenda seli zisisikie. Hilo mama hakuambiwa, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia.

Asubuhi ya upasuaji mama alisimama mbele ya daktari na kujipiga kofi kwenye nyonga. "Huyu mtoto iko mgonjwa. Mbegu ya shamba ya mgonjwa hapana ota vizuri. Toa kwangu. Mimi nalima mpaka leo." Daktari alimweleza kwa upole kwamba mwili wangu ungeikataa ya mtu mwingine. Mama hakuridhika. Alisogea kando tu.

Wakavuta uboho wangu, ule ute wa ndani ya mfupa, wakachota na mfupa kidogo kwenye nyonga ili mbegu ipate pa kushika, wakachanganya na ile mbolea ya damu, wakapanda. Nyonga iliniuma kuliko mguu. Nilipelekwa Lobule nikalale kwa mama, naye akaniwekea masharti ya shamba lililopandwa: asinivuke mtu, pasiwe na makelele karibu, wala asitokee wa kuuliza imeota au bado. Nilimcheka, lakini kusema kweli nilipenda. Nilikuwa nimechoka kuwa mgonjwa, na kuwa shamba kulikuwa na nafuu yake.

Tuliporudi Arua kupiga picha ya kwanza ya eksirei, daktari aliiweka kwenye mwanga. Palepale pa pengo hapakuwa na kitu. Mama akauliza ule mwanga wa mashine hufika wapi. Akaambiwa hupita nyama, huingia mpaka kwenye mfupa.

Tulipofika nyumbani ndipo akasema, "Nyinyi nafukua mbegu. Mtu napanda leo, kesho nafukua kuangalia. Ataota namna gani?"

Siku ya picha iliyofuata, bodaboda alikuja kunichukua, mama akamrudisha kutoka uani. Nilipiga kelele kutoka kitandani. Alijifanya hasikii, akaendelea kupepeta mtama. Na mwezi uliofuata ikawa hivyo hivyo.

Harufu ndiyo iliyotuamua. Usaha ulitokea pembeni mwa chuma, na homa ikanipanda mpaka nikaanza kuongea ovyo. Mama mwenyewe ndiye aliyekimbia kutafuta gari.

Daktari alifungua bendeji, akaifunga tena. Mama akamuuliza, "Mimi naua mbegu?"

"Hapana, mama. Ata mungekuja, ingekuwa vilevile."

"Sema kweli."

"Haikuota. Tangu mwanzo haikuota."

Mpaka leo sijui kama huo ulikuwa ukweli au huruma. Mama hakuamini, hilo nalijua, maana tangu siku ile hajanitazama usoni kwa muda mrefu. Nimemwambia sina kinyongo. Huitikia tu, "Ndiyo, mwanangu," na kutafuta kazi ya kufanya.

Walikata juu ya goti. Mama aliuomba mguu, akaufunga kwenye kitenge nilichomshonea mwenyewe, akaenda kuuzika Lobule, nyuma ya nyumba. Pale hapalimwi.

Baada ya miezi kadhaa nyonga ilianza kunisumbua kwa sababu ya magongo, tukarudi kwa daktari. Safari hii mama hakuukataa mwanga. Daktari aliweka kidole kwenye picha, mahali alipokuwa amechota ile mbegu.

"Hapa nilitoboa shimo," akasema polepole. "Imejaa. Mufupa imerudi yenyewe."

Hakuna aliyeipandia kitu nyonga ile. Hakuna aliyeitia mbolea wala kuilinda, na hata sisi tulikuwa tumeisahau. Nilisikia uchungu ambao sikuusikia hata walipoukata mguu.

Mama alisogea karibu na ile picha. "Daktari, kama hapa naota," akauliza, "mbona nyinyi nahamisha?"

Daktari alizima taa, akaniokotea gongo lililokuwa limeanguka.