Shamba la Mwenye Swali

Theresia Bonaventura alizaliwa Ihanja, katika nyumba inayoonekana hadi leo kutoka barabara kuu, akiwa mtoto wa tatu wa wakulima wa alizeti na uwele. Watu wa kijiji wanapomweleza huanza na sauti yake. Ni sauti ya mtu aliyezoea kuwaita mbuzi waliovuka bonde. Hata akisema jambo la faragha, jirani hulisikia. Mwalimu Fredrick, aliyemfundisha hisabati katika sekondari ya kata, anasema hajapata kumwona mwanafunzi anayekosea kwa kujiamini kama yeye, wala anayekiri kosa upesi kama yeye. Sifa zote mbili zimo katika habari hii.

Habari yenyewe inaanza na rafiki yake. Catherine, binti wa mama mjane aitwaye Cecilia, alikaa dawati moja na Theresia tangu darasa la kwanza. Walifanya mtihani wa kidato cha pili pamoja. Matokeo yalipotoka mwezi wa Januari, Theresia alivuka kwenda kidato cha tatu, na Catherine alibaki. Alama zake hazikutosha, na hisabati ndiyo iliyomvuta chini kuliko masomo mengine yote. Aliruhusiwa kurudia darasa mara moja tu. Akishindwa tena, safari yake ya shule ingeishia hapo. Cecilia aliyapokea hayo bila kelele. Alimwambia binti yake: "Mwaka huu ninao wa kukupa. Mwingine sina."

Majuma machache baadaye magugu yalikuwa yameuzidi uwele wa Cecilia, naye akaita watu. Kazi ya namna hiyo pale huitwa mwaliko: mwenye shamba anaalika, majirani wanakuja na majembe, wanajipanga mstari mmoja, na mwenye shamba anawalisha. Hakuna anayetoka shambani mpaka wa mwisho naye amefika ukingoni. Catherine, ambaye jembe lake lina sifa, alifika wa kwanza, akageuka, akaanza kupalilia kurudi nyuma mpaka akakutana na Theresia, aliyekuwa bado katikati.

"Wewe unapalilia au unayabembeleza magugu?" Catherine alimtania.

"Napalilia kwa adabu."

"Hiyo adabu yako itatukuta na njaa hapa."

Waliumaliza mstari pamoja. Theresia alinyoosha mgongo, akasema kwa ile sauti yake, shamba zima likasikia: "Mbona hesabu hatuzilimi hivi?"

Watu walicheka. Catherine anakumbuka kwamba yeye hakucheka.

Jambo hilo lisingewezekana shuleni. Shuleni wa kidato cha tatu hakai na wa kidato cha pili, na aliyerudia darasa hutafuta kiti cha nyuma ili asionekane. Palihitajika mahali ambapo hakuna kiti cha nyuma. Theresia alipakuta kando ya barabara, katika banda la mashine ya kukamua alizeti la mzee Abdillahi, mfanyabiashara wa Singida mjini, ambaye mashine yake hulala tangu mbegu za msimu mmoja ziishe mpaka za msimu mwingine zivunwe. Mlango wa banda ulikuwa wa bati pana lililopakwa rangi nyeusi. Theresia aliutazama mlango ule kwanza, kisha akamtazama mwenye banda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa Bonaventura. Baba yako hajambo?"

"Hajambo. Mzee, tunaomba banda Jumamosi mchana. Wanafunzi, tufundishane."

"Na mwalimu wenu nani?"

"Hatuna. Tutafundishana wenyewe."

Abdillahi aliitazama mashine yake. "Humu ndani hukamuliwa alizeti. Nyinyi mtakamua nini?"

"Vichwa, mzee."

"Haya. Lakini msije mkaniachia mashudu matupu, makapi yasiyo na mafuta."

Mwalimu Fredrick aliombwa awe mlezi wa chama, akakataa kwa sababu ambayo wanachama wanaithamini hadi leo. "Nikija mimi, mtaniita mwalimu, na mkishaniita mwalimu mtanyamaza," alisema. Akawapa boksi la chaki, akabaki kwake.

Chama kikaanza, na kanuni zake Theresia alizichota moja kwa moja shambani. Mwenye swali ndiye mwenye shamba. Akishalitaja swali lake, wote wanaliendea, wa kidato cha pili na wa kidato cha tatu pamoja. Hakuna anayetoka bandani mpaka mwenye swali amesimama mbele ya mlango mweusi, akashika chaki, akalieleza jibu kwa maneno yake mwenyewe. Akikwama, wengine wanarudi nyuma kumchukua, kama Catherine alivyorudi katika uwele wa mama yake.

Mwenye shamba wa kwanza alikuwa Miraji wa kidato cha pili, aliyeshindwa na sehemu za desimali. Alikuja na karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye kitambaa. Mama yake alikuwa amemuuliza anakwenda wapi. Aliposikia kwamba anaita watu kwenye shamba lake la hesabu, alisema mtoto wake hawezi kuita watu akawaacha na njaa. Karanga zilikuwa tamu. Deo, mvulana wa kidato cha tatu ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, alitangaza kwamba desimali ni mada nzuri sana na Miraji asiielewe upesi. Juma lililofuata mwenye swali alileta mihogo ya kuchemsha. Hapakuwa na aliyeagiza, na hapakuwa na aliyekataza.

Kisha Ramadhani ikaingia. Wanachama Waislamu walifunga, na wenzao Wakristo, wengine wakiwa katika Kwaresima, waliona si ungwana kula mbele yao. Vyakula vikakoma. Mwezi ule, kwa ushahidi wa wote niliowauliza, Catherine aliuliza kila Jumamosi. Aliuliza asilimia, akauliza milinganyo, akauliza mambo ambayo wengine walikuwa wakiyaonea haya tangu shule ya msingi. Alisimama mbele ya mlango, vumbi la chaki likiwa limemjaa hadi kwenye nyusi, akaeleza mpaka Deo akalalamika kwamba sasa wanafundishwa na aliyefeli.

"Aliyefeli anajua mashimo yaliko," Catherine alimjibu. "Wewe uliruka tu kwa bahati."

Idi ilipopita vyakula vilirudi, na kwa kishindo. Mavuno yalikuwa yameanza. Mwenye swali mmoja alileta viazi vitamu, wa pili akaleta chapati, na aliyefuata, binti wa mwenye duka aitwaye Anifa, akaleta pilau ndani ya sufuria iliyohitaji watu wawili kuibeba. Chama kikajulikana hadi vijiji vya jirani. Bandani wanafunzi waliketi juu ya magunia ya alizeti mpya, na mzee Abdillahi alilazimika kuwahimiza watoke ili mashine iwashwe. Katika miezi hiyo Catherine hakuuliza swali hata moja. Alikuja mapema, akafagia banda, akafuta mlango, akasaidia kugawa chakula. Theresia alimtazama akifikiri kwamba kazi imekamilika. "Niliona amenyamaza, nikajua ameelewa," anasema. "Nilijivuna kabisa. Nilimwambia mama yangu, Catherine tayari."

Mwezi wa Agosti ulifanyika mtihani wa majaribio. Katika hisabati Catherine alikuwa karibu na mkia wa darasa. Mada alizofaulu zilikuwa asilimia na milinganyo, zile za Machi. Zilizofuata zote zilikuwa tupu.

Theresia alikwenda kwao jioni ile ile. Alimkuta Cecilia anapepeta uwele uani na Catherine anachuma mboga pembeni. Hakuweza kungoja mpaka salamu ziishe.

"Kwa nini hukuuliza? Banda zima lilikuwa pale kwa ajili yako!"

"Ningewalisha nini?" alisema Catherine.

"Nani alikuambia ulete chakula?"

"Nani aliniambia nisilete?"

Theresia alimgeukia Cecilia, kana kwamba yeye ndiye angemsaidia.

"Anifa ameleta pilau," Catherine aliendelea, bila kupandisha sauti. "Baada ya pilau mimi nije na mlenda, niseme karibuni shambani kwangu? Mwezi wa mfungo hapakuwa na aliyeleta kitu, nikauliza. Hukuona?"

Hakuwa ameona. Na kilichomuuma zaidi, asemavyo, ni kwamba ishara ilikuwa mbele ya macho yake mwezi mzima. Alikuwa amekwenda shambani kuazima desturi, akaibeba yote pamoja na sufuria yake.

Cecilia alikuwa ameacha kupepeta. "Usimlaumu mwenzako," alimwambia Theresia. "Mtu haiti watu mikono mitupu. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo, na sitamfundisha vingine."

Hapo Theresia aliuliza swali ambalo ndilo lililokigeuza chama. "Mama, ule mwaka baba yangu alipokuwa Rungwa kwenye mizinga ya nyuki, wewe na mama yangu mlipalilia mashamba yenu wawili tu. Mlipikiana?"

"Tupikiane nini? Ile ilikuwa zamu. Leo kwake, kesho kwangu. Jembe lake nililirudisha kwa jembe langu, kila mtu akaenda kula kwake."

"Kwa hiyo anayekwenda kwa zamu haleti chakula."

"Akileta atamtia mwenzake aibu. Itaonekana anamlipa kwa chakula, hataki kurudisha jembe."

Theresia aliaga kwa heshima zote alizokuwa amezisahau alipoingia, akaondoka karibu akikimbia.

Jumamosi iliyofuata alisimama mbele ya mlango mweusi kabla mtu yeyote hajafungua kitambaa cha chakula. Alisema kwamba yeye ndiye aliyeanzisha chama, na yeye ndiye aliyekianzisha vibaya. Mwaliko, alisema, ni wa mwenye ghala. Kuanzia siku ile chama kitakwenda kwa zamu. Kila mwanachama atakuwa mwenye shamba siku yake ikifika, apende asipende, ajue asijue, na atakachokirudisha ni jembe. Chakula hakitaingia bandani.

"Kwa hiyo pilau ndiyo basi?" aliuliza Deo kwa masikitiko ya kweli.

"Basi."

"Na mimi nisiye na swali?"

"Utalitafuta. Usipolipata, tutakutafutia."

Palikuwa na manung'uniko. Anifa alisema mama yake atadhani amefukuzwa. Miraji ndiye aliyeyamaliza. Alisimama juu ya gunia. "Mimi ndiye niliyeanza na karanga zangu," alisema. "Nazirudisha nyumbani. Tufanye kama mwezi wa mfungo. Mwezi ule tulisoma, na hapana aliyekufa."

Theresia alijiweka mwenyewe zamu ya kwanza, ili pasiwe na wa kusema kwamba kuuliza ni kwa walioshindwa. Somo lililomshinda lilikuwa jiografia, katika kusoma ramani: ile mistari ya mwinuko ilikuwa kwake kama nyuzi zilizoangushwa na mshonaji. Aliyeijua mistari hiyo kuliko wote pale alikuwa Catherine. Catherine alichora mlangoni jiwe kubwa lililo juu ya malisho ya mbuzi, ambalo wote walilipanda utotoni.

"Unapopanda upande huu, unapumzika mara ngapi?"

"Sipumziki. Ni mteremko wa polepole."

"Basi mistari ikae mbali mbali. Na upande ule ulikoangukia ukachanika sketi?"

Banda lilicheka. Theresia alicheka pia, akaichora mistari ya upande ule imebanana, na aliyebaki akimtazama Catherine aliona amesimama kwa namna nyingine: safari hii yeye ndiye aliyetangulia kutoa jembe. Zamu yake ilipofika, hakudaiwa kitu. Aliuliza pembetatu. Juma jingine, kwa kuwa wengine walimwachia zamu zao kadiri mtihani ulivyokaribia, aliuliza vipeo, kisha takwimu. Deo, aliyetafutiwa swali ikagundulika kwamba ana mengi, alikuwa wa kwanza kurudi nyuma kumchukua kila alipokwama.

Mtihani ulifanyika Novemba. Uwele ulipandwa, mvua ikanyesha vizuri, na Januari ikafika. Matokeo yalisomwa kwenye simu ya mzee Abdillahi, nje ya banda, kwa sababu simu yake ndiyo iliyokuwa na chaji. Alimpa Deo asome, kwa kuwa yeye mwenyewe miwani aliiacha mjini. Deo alishuka kwa kidole hadi mwisho wa orodha. Kisha alimrudishia mzee simu yake.

"Mnisamehe," alisema. "Tumebaki na mashudu matupu." Akamgeukia mzee. "Mafuta yote amechukua Catherine."

Catherine alimpiga kibao cha bega kilichosikika hadi barabarani, kisha akaketi chini palepale penye vumbi. Alikuwa amefaulu. Hisabati haikuwa alama yake bora, lakini haikuwa tena ya kumvuta chini. Cecilia alipopelekewa habari hakupiga vigelegele. Aliuliza tu ada ya kidato cha tatu imefutwa kweli au ni maneno, na alipohakikishiwa, aliingia ndani akakaa huko kitambo.

Chama kingali kinakutana, na kanuni yake haijabadilika. Wazazi wapya huwa wanawafungia watoto wao karanga Jumamosi ya kwanza, na watoto hurudi nazo.

Jumamosi iliyofuata matokeo, Theresia alifika bandani akiwa ameandaa maneno ya pongezi. Hakupata nafasi ya kuyasema. Catherine alikuwa amefika kabla yake, amekwisha kufagia, amekwisha kuufuta mlango. Alikuwa ameazima kitabu cha kidato cha tatu na kukutana na jambo asilolielewa katika kurasa za mwanzo kabisa. Alisimama mbele ya bati jeusi, mikono mitupu, akangoja wote waketi.

"Leo zamu yangu," alisema. "Njooni na majembe."