Bomba la Chumbani

Bomba nililiacha wazi mimi. Nalisema mapema, maana kwa miaka mingi nimewaacha watu wadhani vingine.

Ilikuwa miaka ya tisini, tunakwenda likizo kwa kina mume wangu, ng'ambo ya Tabora. Yeye alikuwa karani serikalini, na tulikaa nyumba ya serikali pale Makanyagio. Asubuhi ya safari niliingia bafuni ninawe uso. Nikafungua bomba, kimya. Maji yalikuwa hayajatoka siku tisa. Nikanawa ya ndoo, nikabeba mtoto mgongoni, tukakimbilia treni. Bomba likiwa kavu, wazi na kufungwa ni kitu kimoja, na mimi kichwani nilikuwa na mizigo tu.

Bafu lenyewe, ambalo tundu lake la maji liliziba kila mara, lilikuwa ndani ya chumba chetu cha kulala. Sijui ni mzungu gani alichora nyumba ile. Na humo chumbani, ukutani, tulikuwa tumepanga magunia sita ya mpunga wa mama yangu. Mama alikuwa mjane, analima Sitalike, na kule tembo wa hifadhini walishawahi kumbomolea ghala. Akaona heri chakula chake cha mwaka mzima na mbegu vikae mjini, kwenye nyumba ya sakafu ya saruji. Tukayalaza magunia juu ya saruji hiyohiyo, bila hata ubao chini. Nani angewaza maji, kiangazi kile, katika nyumba isiyo na maji?

Mama ndiye aliyekuja kutulindia nyumba, akafika siku moja kabla ya safari. Mume wangu alimpa ufunguo wa mlango wa mbele, akamwonyesha taa na kufuli. Koki ya nje, ile iliyo kando ya barabara chini ya mfuniko wa chuma, inayokata maji ya nyumba nzima, hakumwonyesha. Wala mimi sikuwahi kuonyeshwa. Yalikuwa mambo ya wanaume.

Mama alilala kwenye banda la jiko, nje. Sisi ni Wasukuma, na kwetu mama mkwe haingii chumba cha mkwewe. Mwaka mmoja nyuma aliwahi kuingia. Mtoto alikuwa analia peke yake kitandani, mimi niko sokoni Kashaulili, akaingia akamchukua. Mume wangu, mtu wa kalamu na redio, alilipeleka jambo lile kwa baba zake wadogo. Mama akaambiwa alete kuku wa kuomba radhi. Akaleta wawili.

Tulirudi baada ya majuma mawili. Kabla hatujafika mlangoni nikaona uwanja umelowa, na kijito kinapita mpaka kwa jirani. Mama alikuwa barazani, kanga imekunjwa magotini, anasukuma maji kwa ufagio. Alipotuona akaweka ufagio chini, akageuza uso pembeni ndipo akamsalimu mkwewe, kama inavyotakiwa. Miguu yake ilikuwa imekunjamana na kuwa myeupe kama ya mtu aliyeshinda akifua.

Siku ya tano baada ya sisi kuondoka maji yalikuwa yamerudi bombani. Yalikuwa yanakuja asubuhi na kukatika mchana, na kila yalipokuja mama aliyasikia yakimwagika nyuma ya ule mlango wa chumba. Akaweka viroba mlangoni. Akachota kwa karai sebuleni, akamwaga nje, kila asubuhi, mwanamke wa umri ule. Jirani akamwambia, "Mama, ngoja niingie nikufungie." Mama akakataa. Alikuwa amepewa nyumba aitunze, si kuwaingiza watu chumbani kwa mkwewe.

Nikafungua mlango wa chumba. Godoro lilikuwa limekunywa maji, kabati limevimba. Na magunia ya chini yalikuwa yameota. Mpunga ulikuwa umetoboa katani, umesimama kijani kibichi ndani ya chumba changu, mzuri kuliko wowote niliowahi kuuona bondeni. Ya juu yalikuwa ya moto ukiyagusa, yananuka uchachu.

Mume wangu alichukua spana, akaenda barabarani, akainama. Maji yakakatika. Hakutumia hata dakika moja.

Akarudi amefura. "Sasa nyie, si mngefunga koki tu?"

"Koki ni nini, baba?" mama akauliza, bado ameangalia pembeni.

"Basi hata kuingia chumbani mama? Chakula ni chako mwenyewe! Mambo ya kizamani haya ndiyo yanatumaliza."

Niliwachukia wote wawili dakika ile, yeye kwa mdomo wake na mama kwa kuinamisha kichwa. Maneno ya kumjibu nilikuwa nayo, na kuku nilikuwa nawakumbuka wote wawili, jogoo na tetea. Lakini nilijua ugomvi ukitoka kwa mama utakwenda kwa aliyeacha bomba wazi. Wacha ukae kwa mama. Nikachukua ufagio, nikaanza kufagia.

Tuliokoa gunia moja na nusu. Msimu uliofuata mama alipalilia mashamba ya watu, analipwa debe la mahindi, mgongo wake ukiwa bado mbovu tangu kuchota yale maji. Nikamtembelea Sitalike. Nikamkuta ametoka kibaruani, anajikanda kiuno kwa maji ya moto. Nikampokea kitambaa, nikamkanda mimi.

"Mama, lile bomba..."

"Najua," akasema. "Mumeo alikuwa anafunga mizigo nje tangu alfajiri, nilimwona. Aliyeingia bafuni ni wewe."

Nikaanza kulia. Nikamwambia nitakwenda kumwambia mume wangu, leo hii, amjue wa kumlaumu.

Mama akanishika mkono, si kwa upole.

"Usithubutu. Akijua ni wewe, atakurudisha hapa. Na hapa nitakulisha nini?"